Hapa Tumbo ni la Kuambukiza

Mwezi uliopita tulimzika Mama Rosebela kule Matungu, na mwalimu mmoja aliyetumwa kuiwakilisha shule alishika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mpishi hodari ambaye aliacha kazi kwa sababu za kiafya. Nilikuwa nimeketi nyuma chini ya hema, leso kiunoni, na nilihisi damu ikinipanda mpaka masikioni. Hakuacha. Aliachishwa. Na hizo sababu za kiafya, nilikuwepo zilipotengenezwa, mezani, kwa kalamu ya wino wa buluu, chupa ya chai ikiwa kando. Sikusimama kusema lolote. Maziko si mahali pa kugombana, na watoto wake walikuwa wamechoka kulia. Lakini nilirudi nyumbani na hasira yangu nzima, haikupungua hata kidogo njiani, na mtu wa umri wangu akifuga hasira atafuga na presha. Kwa hiyo nauandika mwaka ule hapa. Atakayeudhika na audhike.

Nilikuwa msichana niliyetoka Likuyani, kwenye mahindi, nikapelekwa kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali moja ndogo kwenye nchi ya miwa. Hospitali yenyewe sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa katika ofisi ya rekodi, pale mafaili ya wagonjwa yanapohifadhiwa na magonjwa yao kuhesabiwa. Chumba nilipanga kwa Mama Rosebela, mjane ambaye watoto wake walikuwa wametawanyika na kazi, na ambaye alipika katika shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa barabara hiyo hiyo. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, imepigwa plasta nusu, na ukuta kati ya chumba changu na chake haukufika juu, kwa hiyo tulisikiana kila kitu, mpaka kupiga miayo. Nilikuja na stovu yangu ya mafuta taa na sufuria mbili. Alizitazama pale mlangoni kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. "Hiyo utaweka chini ya kitanda," akasema. "Nyumba moja haiwezi kuwa na wapishi wawili." Tangu siku hiyo nilikula mezani kwake.

Na alijua kupika, jamani. Obusuma wake, ugali wa kwao, ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, na mimi niliyelelewa kwa ugali mweupe nilihangaika nao siku za kwanza. Alinicheka. "Nyinyi watu wa mahindi mnakulanga karatasi," aliniambia, "halafu mnashangaa kwa nini saa nne mna njaa." Mrenda aliupika na kunde kwa munyu, chumvi ya majivu aliyoichuja mwenyewe. Tsisaka, mboga chungu za kienyeji, alizichemsha, akazilaza na maziwa mpaka kesho yake uchungu ukaisha. Kabla hajagusa chochote alinawa mikono hadi kwenye viwiko, kwa sabuni ya kipande, akakausha kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukishika. Kucha zake zilikuwa fupi kama za mtoto. Nikifunua sufuria kuchungulia, alinigonga mkono. Shuleni alipikia wasichana mia kadhaa, kwa sufuria zinazobebwa na watu wawili na mwiko mrefu kama jembe, na jioni alinisimulia habari za wasichana wale kana kwamba wote ni wake: huyu hali maharagwe, yule analia siku za kutembelewa kwa sababu hatembelewi, mwingine anaiba ukoko wa ugali, na yeye humwachia makusudi.

Ukuta usiofika juu ndio ulionijulisha kwamba anaumwa. Alfajiri nilimsikia akitoka kwenda choo cha nyuma ya migomba, akirudi, akitoka tena, na kati ya safari hizo akikaa kitandani akipumua kwa shida. Hakuniambia. Nilikuja kusikia siku moja nikianua nguo, yeye na rafiki yake Petronila wakiongea kwenye ua. Petronila alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisani, mwanamke mkubwa mwenye sauti nzuri ya kuimba, na walikuwa wameolewa kijiji kile mwaka mmoja. "Petro, mimi naendesha damu," Mama Rosebela alisema. "Tangu palizi. Tumbo linanikata, linaacha, linakuja tena." Petronila akamwambia ni bawasiri, achemshe majani fulani. Wakaangua kicheko juu ya jambo jingine. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu ya neno palizi. Palizi ilikuwa imepita miezi kadhaa. Shikeni hilo neno, maana baadaye watu wazima wenye vyeti walikataa kulisikia.

Sasa ofisini. Kilikuwa chumba chembamba, rafu hadi darini, mafaili ya khaki yaliyofungwa kwa kamba, na harufu ya vumbi na panya. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Shikuku, mtu nadhifu, tai kila siku hata jua liwe kali vipi, redio yake ndogo ikinong'ona taarifa za habari. Hakuwa mtu mbaya. Nataka niseme hivyo mapema, kwa sababu hasira yangu ingekuwa nyepesi kama ningepata mtu mbaya wa kuitupia. Kazi yetu ilikuwa hivi: daktari huandika jina la ugonjwa kwenye faili, sisi twalitafuta katika kitabu kikubwa cha magonjwa ya dunia nzima, tunaweka namba yake. Namba zinajumlishwa, zinapelekwa makao makuu, huko wanajua malaria ni ngapi na kuhara ni kiasi gani. Wiki yangu ya pili nilikutana na faili ambalo daktari alikuwa ameandika neno moja tu, kolaitis. Yaani utumbo mpana umevimba na kuwaka. Umevimba kwa nini, hakusema.

"Sasa hii nitaipa namba gani?" nikamuuliza Bwana Shikuku. "Hajaandika imeletwa na nini."

Akavuta kitabu, akanionyesha maelezo ya herufi ndogo. Kwa maneno yangu yalisema hivi: tumbo la namna hiyo, lisiloelezwa chanzo, katika nchi ambako yaweza kudhaniwa kwamba halikuletwa na maambukizi, lipewe K52, ambalo si la kuambukiza. Kwingineko lipewe A09, la kuambukiza.

"Na sisi ni nchi gani?"

Alicheka mpaka tai ikatikisika. "Wewe msichana, maji ya mto hapo chini umeyaona? Hapa ni Kenya. Hapa tumbo ni la kuambukiza. Huko kwao ndiyo tumbo linaumanga tu kivyake."

Nimefanya kazi ya rekodi maisha yangu yote, nimekuwa mkubwa wa ofisi, nimefundisha vijana, na kanuni ile nimeigeuza kichwani mara nyingi kuliko nilivyogeuza Biblia. Walioiandika walikuwa na sababu. Wanaokunywa maji ya mto, wengi wao wakihara ni kwa vijidudu, na ukihesabu watu wengi kwa pamoja utakosea kidogo tu. Sina ugomvi na kuhesabu. Lakini iangalieni vizuri. Utumbo ule ule, wa mtu yule yule, ukipandishwa ndege ungebadilisha namba kabla ya kutua. Hapa unahesabiwa mchafu mpaka uthibitishwe msafi, kule unahesabiwa msafi. Baadaye kitabu chenyewe kilibadilishwa maneno, nchi zikaondolewa pale, na siku nilipoliona toleo jipya nilifunga mlango wa ofisi nikalia kwa ghadhabu, maana kumbe ilikuwa inawezekana. Na namba ile ilikuwa ya kuhesabia watu wengi. Haikuwa ya kumhukumia mtu mmoja. Hospitalini kwetu ilihukumu, kwa sababu ya desturi moja ya Ijumaa.

Kila Ijumaa afisa wa afya ya umma alikuja ofisini. Alikuwa kijana mwenye pikipiki ya serikali na viatu visivyopata tope, sijui alivifanyaje. Bwana Shikuku alimmiminia chai, wakaongea mpira, kisha Bwana Shikuku akamsomea wagonjwa wa wiki hiyo wenye namba za matumbo ya kuambukiza ambao kazi yao ni chakula: wauza mandazi, wachinjaji, wenye vibanda, wapishi. Afisa akaandika, akaondoka kuwafuata. Hakuna sheria iliyosema wasomeane hivyo juu ya chai. Waliona ni njia ya mkato yenye manufaa, na mara nyingine ilikuwa hivyo kweli. Mwuza nyama mmoja aliyekuwa na homa ya matumbo alipatikana kwa njia hiyo, na walijisifia jambo hilo mwaka mzima.

Mama Rosebela hatimaye alikuja kliniki, baada ya mimi kumsihi. Naye alichagua wiki mbaya, kama mtu anaweza kuchagua. Wiki hiyo wasichana wa shule walikuwa wameanza kutapika na kuhara, bweni moja kisha la pili. Tangi la maji ya mvua la shule lilikuwa halina mfuniko tangu upepo wa mwezi uliotangulia, na ndege walilala juu yake, jambo ambalo kila mpishi alijua na Mama Rosebela alikuwa amelisema kwa mdomo wake kwa mhasibu, akajibiwa fundi atakuja. Siku ile foleni ya kliniki ilifika langoni. Daktari Wabwire, tabibu wetu ambaye sote tulimwita daktari, alimsikiliza kwa haraka, akamtuma maabara. Maabara walitazama choo chake kwa darubini, hawakuona amiba. Kuotesha vijidudu hatukuwa na uwezo. Daktari akampa vidonge vya metronidazoli, dawa ya vijidudu vya tumbo, kama alivyompa kila mtu, akaandika neno lake moja. Kolaitis. Faili likaja kwetu, Bwana Shikuku akalipa A09, na ilikuwa ni Alhamisi.

Kesho yake nilikuwa napanga mafaili kwenye rafu ya chini nikasikia jina lake likisomwa.

"Huyu si ni mpishi wa shule?" afisa akauliza.

"Ndiye huyo."

"Na wasichana wanaendesha."

"Ehe," Bwana Shikuku akasema, akaongeza sukari kwenye chai.

Nilisimama. Nikasema maabara haikuona kitu, na kwamba mama yule alianza kuugua wakati wa palizi, wasichana wameanza majuzi. Afisa alinigeukia kwa upole, upole ule wa kumwonyesha mtu kwamba hana cheo. "Dada," akasema, "maabara kutoona si kusema hakuna. Na mimi nikingoja, mtoto wa mtu akufe, utanijibia?" Bwana Shikuku akaniambia nirudi kwa mafaili yangu. Nilirudi.

Walikuja nyumbani Jumatatu alasiri, afisa na mwalimu mkuu, mama mmoja wa makamo aliyevaa suti ya rangi ya krimu, ambaye sote tulimwita Madam. Mama Rosebela alikuwa ametandika vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya viti, akapika chai ya maziwa yenye tangawizi. Mimi alinituma jikoni kumenya viazi, na kutoka huko nilisikia yote.

"Mama, si kwamba tunakufukuza," Madam alianza.

"Sasa mnanifanya nini, Madam? Mimi nimepikia hiyo shule tangu haina stima."

"Wazazi wanaongea."

"Wanasemanga nini?"

"Wanasema mengi. Wanataka kujua tumechukua hatua gani."

"Mfunike tangi. Hiyo ndiyo hatua." Nikasikia akimimina chai. "Madam, mimi niliugua wakati wa palizi. Wasichana walikuwa wazima palizi yote, wamekula chakula changu mpaka wakafanya mtihani. Kama ni mimi nawapatia, mbona walingoja?"

Jibu la swali hilo nalisubiri mpaka leo. Afisa akakohoa, akasema, "Mama, kule hospitali imeandikwa ni ya kuambukiza. Sisi tunaendanga na yenye imeandikwa." Wakaaga. Nilipotoka kuondoa vikombe, vilikuwa vimejaa vyote viwili, chai imepoa, utando umejikunja juu. Hawakuonja hata kidogo. Mama Rosebela akavichukua mwenyewe akaenda kuvimwaga nje. Kazi ilikuwa imekwisha. Tangi lilisafishwa wakati wa likizo, wasichana wakiwa kwao, na mafundi waliambiwa wafanye haraka.

Ndipo nilipoanza kuzunguka kama mwendawazimu. Nilimwendea Daktari Wabwire, nikamkuta anakula ndizi mlangoni. "Mimi niliandika kolaitis," akasema. "Sikuandika ya kuambukiza. Nani amesema ni ya kuambukiza?" Nikamwendea Bwana Shikuku. "Mimi nilifuata kitabu, na daktari hakunieleza zaidi. Nikianza kubahatisha, hii itakuwa ofisi ya waganga." Afisa alisema yeye alisomewa namba. Madam alisema yeye alishauriwa na afisa. Kila mmoja alinijibu kwa adabu, kila mmoja alikuwa na haki kwenye kipande chake, na ukiviunganisha vipande vyao unapata mwanamke mmoja asiye na kazi, anayehara damu, na asiyejua anaumwa nini. Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko yote, na inaniudhi mpaka sasa ninapoandika. Wote walishughulika na ugonjwa wake atamwambukiza nani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza atapona vipi. Kama mngeamini kweli ana maambukizi, si mngemtibu? Vidonge viliisha, damu ikaendelea, na hakuna aliyemwita kumpima tena.

Mji mdogo hauhitaji gazeti. Mwezi haukuisha kabla ya kila kibanda kujua kwamba ugonjwa wa shule ulitoka mikononi mwa Rosebela. Akafariki mzee mmoja wa kanisa, na kama ilivyo kwetu, wanawake walikusanyika kwa marehemu kupika, mafiga ya mawe yamepangwa nje, kuni zimerundikwa, kila mmoja na leso na kisu chake. Katika mapishi ya aina hiyo Mama Rosebela ndiye aliyekuwa jemadari. Yeye ndiye aliyejua maji kiasi gani kwa unga kiasi gani. Nilienda naye. Alinawa, akajifunga, akashika mwiko wa sufuria kubwa. Petronila akaja polepole, akaweka mkono wake juu ya ule mwiko, akamwambia kwa ile sauti yake nzuri, "Dada, wewe pumzika. Umekuwa mgonjwa. Sisi tutafanya."

"Mimi si mgonjwa wa mikono, Petro."

"Pumzika tu."

Hakumnyang'anya. Alisimama pale, mkono juu ya mwiko, akitabasamu, mpaka Mama Rosebela akauachia. Akaenda kukaa kwenye kuni. Baadaye alitaka kuchota maji, msichana mmoja akamwambia yametosha. Alitaka kumenya vitunguu, wakasema kisu hakipo. Palikuwa na visu kila mahali. Tulirudi nyumbani kabla ya chakula, na tulipofika aliketi nje na kuniambia, "Afadhali wangenitukana." Nilitaka kurudi nikawatukane mimi, na alinikataza.

Niliomba ruhusa, nikamsindikiza Eldoret, kwenye hospitali kubwa. Bwana Shikuku alinipa ruhusa bila kuniuliza. Tulikaa kwenye mabenchi, tukarudishwa, tukaja tena. Siku ya kipimo cha kamera ya utumbo niliketi nje nikishika viatu vyake. Daktari aliyemwona alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na nitamshukuru mpaka kaburini kwa sababu alivuta kiti akaketi karibu na Mama Rosebela badala ya kuongea naye kutoka ng'ambo ya meza. Akamwambia utumbo wake una vidonda, kwamba mwili wenyewe umeugeukia na kuushambulia, na kwamba ni ugonjwa wa kukaa nao na kuutuliza kwa dawa.

"Nani alinipatia?" Mama Rosebela akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Huu haukutoka kwa mtu."

"Na mimi, nimempatia nani?"

"Hakuna. Hauendi kwa mtu."

Akamwomba arudie. Daktari akarudia. Kisha Mama Rosebela akamwomba aandike, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili kila mtu asome. Daktari akaandika hivyo hivyo, akapiga na mhuri. Tulikunywa soda kwenye kituo cha magari, na Mama Rosebela alicheka peke yake kama msichana. "Petro atasoma hii," alisema. "Nitampikia, halafu atasoma."

Dawa zilianza kumsaidia. Damu ilipungua, mashavu yakarudi. Lakini ngoja niwaambie barua ile ilifanya nini. Daktari Wabwire aliisoma akatikisa kichwa, akasema afadhali. Bwana Shikuku alikata A09 kwa mstari mmoja safi, akaandika K51, namba ya ugonjwa wake halisi, akatia sahihi. "Imeisha," akasema, na kwake ilikuwa imeisha kweli. Afisa alisema orodha yake ilishapelekwa, lakini ni habari njema. Madam alitupokea vizuri kabisa, akasema shule imefurahi sana, ila nafasi imeshapata mtu. Hakuna aliyepanda pikipiki kwenda kwenye vibanda kusema tulikosea. Hakuna aliyesimama mbele ya wazazi. Ugonjwa ulitangazwa kwa midomo ya mji mzima, na usafi wake ukaandikwa kimya ndani ya faili lililofungwa kwa kamba, likarudishwa kwenye rafu. Mimi mwenyewe niliambiwa nilirudishe.

Mama Rosebela hakukata tamaa upesi kama mimi. Aliita akina mama wa kanisa nyumbani kwake kwa maombi ya shukrani, Jumamosi mchana. Alichinja jogoo mkubwa aliyekuwa akimwekea mwanawe wa kwanza. Tulianza kupika asubuhi. Ingokho, yaani huyo jogoo, aliikausha kwanza juu ya moshi, kisha akaiunga polepole, bila haraka, na obusuma mweusi, na mrenda, na tsisaka za maziwa. Alinawa mikono mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwona akinawa. Wakaja wote, kama kumi hivi, wamevaa sare zao za blauzi nyeupe, wakajaza viti na mikeka. Waliimba. Petronila aliomba kwa muda mrefu, akalia. Kisha Mama Rosebela akanipa ile barua niisome. Niliisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale panaposema ugonjwa huu hauambukizi, na wote wakasema amina. Mmoja alipiga na vigelegele.

Akaleta chakula mwenyewe. Aligawa sahani moja moja, akipiga goti kidogo kwa kila mgeni. Firigisi, ile imondo ambayo kwetu hapewi mtu hivi hivi na mwanamke hapewi kabisa, aliiweka kwenye sahani ya Petronila, na wengine wakacheka kwa mshangao. Akachukua kipande chake, akala mbele yao kama mwenyeji anavyopaswa. "Sasa karibuni," akasema.

Hakuna mkono uliosogea. Walizitazama sahani, wakatazamana, kisha wote wakamtazama Petronila.

"Rose," Petronila akasema, "asante sana. Lakini sisi tumefunga."

"Wote?"

"Wote, dada. Tulipatana Jumapili."

"Mmefunga kwa ajili ya nini?"

Petronila akamshika mkono. Alimshika kwa upendo, na hilo ndilo sijawahi kumsamehe. "Kwa ajili yako," akasema. "Mungu akuponye kabisa kabisa, hiyo kitu isiende kwa mtu mwingine."

Mama Rosebela akautoa mkono wake ndani ya mkono wa Petronila. Akainama, akaichukua ile firigisi kutoka sahani ya Petronila, akaja pale nilipoketi karibu na mlango akaiweka kwenye sahani yangu. Nilikula. Nilikula ile firigisi, nikala nyama, nikamega tonge juu ya tonge la obusuma mweusi, nikimtazama Petronila usoni, mashavu yamejaa, machozi yananitoka, na akina mama wa kanisa wote wakinitazama. Mama Rosebela alisimama kando yangu na bakuli, akaniongezea mchuzi.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Hakuna mtu anakunyang'anya."